Mita 300 za kupotea: historia ya GPS kwenye magari ya Kanda ya Ziwa

Mwanza iko nyuzi 2 na dakika 31 kusini mwa ikweta, na nyuzi 32 na dakika 54 mashariki. Ziingize namba hizo kwenye kifaa cha GPS, sahau herufi moja tu, ile inayosema kusini, uone. Kifaa hakitagoma wala hakitauliza. Kitakuchorea mshale wa kwenda kaskazini, ng'ambo ya ziwa lote, mpaka kwenye mashamba ya Walango huko Uganda, juu kidogo ya mji wa Lira. Hapo umeshaiacha Mwanza kwa kilomita zaidi ya 550.

Kosa hilo halina madhara makubwa, kwa sababu hata mtoto wa darasa la nne angeliona. Makosa mabaya ni yale madogo, yanayolipeleka gari mahali panapokaribia kuwa penyewe. Ili kuyaelewa inabidi turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1858.

Agosti ya mwaka huo mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa akitokea Kazeh, yaani Tabora, alikomwacha mwenzake Richard Burton akiugua homa. Macho ya Speke mwenyewe yalikuwa mabovu. Hakuwa na mashua, na hakukaa siku nyingi. Alichemsha maji akasoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, na kwa njia hiyo akakadiria kimo cha ziwa. Akaona liko juu sana kuliko Tanganyika, akatangaza kwamba chanzo cha Mto Naili ndicho hicho. Burton alikataa, na ugomvi wao ukawa gumzo la London kwa miaka.

Kisichosemwa sana ni kwamba njia ya kufika huku haikutoka kwenye vipimo. Aliyeziba pengo hilo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke hakujua Kiswahili. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akawauliza wenyeji: maji yako wapi, mtemi wa hapa ni nani, tupite wapi tusidaiwe hongo kubwa. Speke alikuwa na vipimo, Bombay alikuwa na mdomo. Miaka 17 baadaye Henry Morton Stanley alipiga kambi Kageye, pembeni mwa Mwanza ya leo, akaunganisha mashua yake *Lady Alice* iliyoletwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei 1875. Huo ulikuwa uthibitisho kwamba ziwa ni moja. Frederick Barker, mmoja wa Waingereza aliokuja nao, alifia Kageye kabla mashua haijarudi.

Wajerumani walioweka kituo chao cha kijeshi Mwanza mwaka 1892 walichora ramani za koloni lote kwa kipimo cha 1:300,000, nyingi zikitokana na daftari za maofisa waliohesabu mwendo wa misafara. Waingereza walipoingia, walitaka kitu cha uhakika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ofisa mmoja wa jeshi lao, Martin Hotine, alipima mlolongo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika, kilima hadi kilima. Ilikuwa sehemu ya mstari mrefu uliokusudiwa kuunganisha Afrika Kusini na Misri kufuata longitudo ya 30 mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili Hotine huyohuyo aliongoza idara mpya ya upimaji ya makoloni, ndege zikapiga picha nchi kutoka angani, na hapo ndipo zilipozaliwa zile karatasi za 1:50,000 ambazo mpaka leo utazikuta ofisi za ardhi, zimekunjwa, pembe zimeliwa na mende.

Karatasi hizo zina maneno madogo pembeni ambayo wengi hawayasomi: Arc 1960. Hilo ni jina la hesabu iliyotumika kuweka kila kilima mahali pake, ikichukulia kwamba dunia ina umbo lile lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880. Satelaiti za Marekani nazo zina hesabu yao, WGS 84, yenye umbo jingine kidogo na kitovu kingine. Kwa huku kwetu tofauti ya hesabu hizo mbili ni kama mita 300 kwenda kaskazini au kusini, na mita 80 hivi mashariki au magharibi. Kwa hiyo ukisoma namba za kijiji kwenye karatasi ya zamani, ukaziingiza kwenye kifaa cha GPS bila kukiambia zimetoka wapi, kijiji kinahama mita 300 kwenda kaskazini. Sasa fikiria kijiji cha wavuvi kilicho ukingo wa kusini wa Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Kaskazini yake ni maji.

Satelaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa Februari 1978, kwa kazi za kijeshi. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi ya wakati ule, ikatunguliwa, na Rais Ronald Reagan akaahidi kwamba mfumo ukikamilika raia nao watautumia bure. Ulikamilika mwaka 1995, ukiwa na satelaiti 24. Lakini jeshi la Marekani lilikuwa likiuvuruga kwa makusudi: raia alipata jibu linaloweza kukosea hadi mita 100, na gari lililoegeshwa chini ya mwembe usiku kucha lilionekana kwenye kifaa likirandaranda. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000. Jumlisha hizo mita 100 na zile 300, utaelewa kwa nini mzee wa kijijini aliyekuwa akinyoosha kidole bado alikuwa na kazi.

Kabla ya GPS gari la safari ndefu Kanda ya Ziwa lilitegemea spidomita, daftari na simu ya upepo. Hata mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa hivyo: msaidizi anasoma kitabu, dereva anasoma barabara. Mbio za Paris–Dakar zenyewe hazikuanza kutumia GPS mpaka mwaka 1992. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara, robo milioni ndani ya siku moja na ushei, magari meupe ya mashirika yalijaa kanda hii, na alama yake ilikuwa ule waya mrefu wa antena uliopindwa kutoka bampa ya mbele. Waya huo ulikuwezesha kuwaambia wenzako umekwama. Mahali ulipokwamia ulipaswa kupajua mwenyewe.

Walioleta GPS kwa wingi, kwa maoni yangu, walikuwa watafuta dhahabu. Miaka ya 1990 kampuni za nje zilimiminika Geita, Kahama na Tarime, na Mwanza ikawa kituo chao cha mafuta, vipuri na bia baridi. Kwao mita 300 ni fedha. Leseni ya utafutaji madini ni umbo lenye pembe, na kila pembe ina namba zake za latitudo na longitudo kwa hesabu ya Arc 1960. Kuichanganya na WGS 84 ni kuchimba kwenye eneo la jirani. Kwa hiyo jambo la kwanza la mpimaji makini lilikuwa kufungua kifaa, kwenda kwenye mipangilio, kushuka orodha ndefu ya majina ya hesabu za dunia nzima, na kuchagua Arc 1960. Jina lipo, hata kwenye vile vifaa vidogo vya Garmin vya zamani, karibu na mwanzo wa orodha, maana imepangwa kwa alfabeti.

Kukifunga kifaa chenyewe kwenye Land Cruiser mkonga ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Kifaa kilichotoka dukani ng'ambo kilikuwa hakijui kiko bara gani. Ulikiweka juu ya boneti, mahali peupe, ukasubiri kisome ratiba ya satelaiti zote, na ratiba hiyo hutumwa kwa dakika 12 na nusu kwa mzunguko mmoja. Ukikiwasha chini ya mwembe au kando ya yale majabali ya Mwanza, ungesubiri zaidi. Kisha waya: wengine walichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ambalo likitikiswa na rasta za barabara ya vumbi linaachia, kifaa kinazimika katikati ya mbuga. Fundi anayejua kazi alivuta waya wake kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi yake, akaupitisha mbali na injini.

Waliotaka makubwa walifunga na laptopu. Karatasi ya 1:50,000 ilipigwa skani, ikaingizwa kwenye programu ya Kiaustralia iitwayo OziExplorer, kisha ukaifundisha: hapa njia panda, hapa kanisa, hapa mto unapinda, na namba za kila sehemu ni hizi. Kebo ikaunganisha kifaa na kompyuta, na mshale mwekundu ukaanza kutembea juu ya ramani ileile ya mkoloni. Ukichagua hesabu isiyo sahihi, mshale nao unatembea vizuri tu, sambamba na barabara, mita 300 pembeni yake, kutwa nzima. Vumbi na mitikisiko viliziua laptopu nyingi za namna hiyo, maana diski za wakati ule zilizunguka kama sahani za santuri na hazikupenda kurushwa.

Kosa jingine la kila siku lilikuwa la nukta. Mtu wa ofisini anaandika 30.50, akimaanisha dakika 30 na nusu. Dereva anaingiza dakika 30 na sekunde 50. Tofauti ni mita 600 na zaidi. Simu za leo zina ugonjwa huohuo, hasa namba zinapotumwa kwa WhatsApp bila maelezo.

Kifaa kikiwekwa sawasawa, bado kilikuwa na upungufu wa asili. Kilijua ulipo na unapokwenda, na katikati kiliweka mstari ulionyooka. Anayeijua mbuga ya kuelekea lango la Ndabaka, mlango wa Serengeti upande wa ziwa, anajua udongo mweusi wa pale wakati wa masika: gari linazama mpaka ekseli ilhali mshale unasisitiza twende mbele. Kwa Mwanza mstari huo ulionyooka umewafaa waendao angani. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya mradi wa DHL na Wingcopter ilikuwa ikibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Gari, ukizunguka kwa barabara, lina safari ya kilomita 240.

Njia zenyewe zilipaswa kuchorwa na watu, na hapa ndipo historia hii inaponipendeza. Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha Crowd2Map Tanzania, mradi wa kujaza ramani huria ya OpenStreetMap. Sababu ilikuwa Mugumu, wilayani Serengeti, mkoa wa Mara, ambako Rhobi Samwelly anaendesha nyumba salama kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msimu wa kukeketa ukifika, Desemba, taarifa inaweza kuingia usiku: msichana fulani, kitongoji fulani, kesho alfajiri. Gari lipo, polisi wapo. Kitongoji hakipo kwenye ramani yoyote. Watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wakaanza kuchora nyumba na njia kwa kuangalia picha za satelaiti, lakini picha haisemi kijiji kinaitwaje. Majina yaliingizwa na wenyeji, wakitembea na simu zao: hapa zahanati, hapa shule ya msingi, hapa duka. Dereva anapakua ramani Mugumu penye mtandao, anaondoka nayo gizani. Bombay angeielewa kazi hiyo mara moja.

Siku hizi kifaa kimeanza kumtazama dereva badala ya kumwongoza. Mabasi ya mikoani, ya Mwanza yakiwamo, yana mfumo unaopeleka mwendokasi wake kwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na magari ya mashirika mengi yana kisanduku chini ya dashibodi kinachomwambia bosi gari lilisimama wapi na kwa muda gani. Madereva hawakipendi, na si vigumu kujua kwa nini.

Wewe unayesafiri mwezi huu, fanya mambo matatu kabla ya kutoka mjini. Hakikisha kusini imeandikwa. Kama namba zimetoka kwenye karatasi ya zamani, zibadilishe kwanza. Na pakua ramani mpya ungali na mtandao, hasa kama unakwenda Sengerema au Geita, kwa sababu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kifaa chenye ramani ya kabla ya hapo kitakupeleka moja kwa moja kwenye gati la kivuko.