Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Madai: Elisabethville, 1941

Wanaisimu waliochunguza vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo zama za ukoloni wametambua jinsi vitenzi vya kuamuru vilivyotawala humo. Aliyejifunza lugha kwa njia hiyo aliweza kumtuma mtu kazi. Kumsikiliza akijibu hakufundishwa.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliishi vizuri na desturi hiyo. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Weusi wa kampuni, aliandika waziwazi kwamba Mweusi ana roho ya mtoto. Nyumba, posho na matibabu vilitolewa kambini kama baba atoavyo. Manufaa yake hayakanushiki, ila mtoto hamwombi baba hesabu.

Vita viliharibu mpango huo. Ubelgiji ilipotekwa na Wajerumani mwaka 1940, shaba ya Katanga ilihitajiwa na Washirika. Kazi ikazidi, bei zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Mwaka 1941 waajiriwa Wazungu wa kampuni walijiunga pamoja kudai haki zao, na Weusi waliyaona hayo kwa macho yao. Desemba ya mwaka huohuo mgomo wao wenyewe ukazuka Jadotville (Likasi ya leo), Kipushi na Elisabethville, yaani Lubumbashi.

Aliyewasemea wagomaji wa Elisabethville alikuwa Léonard Mpoyi, karani. Jambo hili lastahili kuangaliwa. Karani alikuwa mtu wa katikati: alijua kusoma, alijua Kifaransa, aliweza kumjibu mkubwa kwa lugha ambayo mkubwa hakuweza kujifanya haielewi. Lakini Kifaransa peke yake kisingetosha. Wafanyakazi walitoka Kasai, Lomami, Luapula na kwingineko, kila mmoja na lugha ya mama yake. Ilibidi kwanza wasikilizane wao kwa wao. Chombo walichokuwa nacho ni Kiswahili cha kazi, kilekile walichoamriwa kwacho. Ujasiri wa Mpoyi ulikuwa wake, naam. Hata hivyo ulisimama juu ya mapatano ya watu wengi.

Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari akataka warudi kazini. Mpoyi alikataa. Alipigwa risasi akafa; wapo waliosimulia kwamba gavana mwenyewe ndiye aliyempiga. Kisha askari wakaufyatulia umati. Makumi ya watu waliuawa, na hesabu ya serikali haikulingana na ile ya wenyeji.

Mwaka 1946 serikali iliruhusu vyama vya wafanyakazi Weusi, chini ya uangalizi mkali. Kusema kwamba Mpoyi alishinda kungekuwa kutia chumvi. Lakini tangu hapo madai ya Mweusi yalikuwa na mahali pa kupelekwa, hata kama palikuwa pembamba.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya maboyi wa zamani, yaani watumishi wa nyumbani. Alitumia Kiswahili cha mji, kwa tahajia inayofuata sikio kuliko shule. Humo mabwana ndio wanaosimuliwa. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo.