"Mambo?": Arafa ya kuwajulia hali wanaotumia ARV

Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV) hutakiwa kuzimeza bila kukosa maisha yake yote. Akizikatiza mara kwa mara, virusi huzaana upya na huenda vikawa sugu, dawa zile zile zikashindwa kumfaa.

Namna ya kumsaidia mgonjwa akiwa mbali na kliniki ilichunguzwa nchini Kenya na mradi wa WelTel. Kuanzia Mei 2007, watafiti waliwasajili watu wazima 538 waliokuwa wakianza matibabu katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Wagonjwa 273 walitumiwa arafa kila wiki, nao 265 wakapata huduma ya kawaida.

Arafa hiyo ilikuwa neno moja tu: "Mambo?" Haikutaja ugonjwa wala dawa, hivyo hata ikisomwa na jamaa au jirani, siri ya mgonjwa haikufichuka. Mgonjwa alipewa saa 48 kujibu "Sawa" au "Shida". Mhudumu wa afya alimpigia simu aliyejibu "Shida" na pia aliyenyamaza.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Asilimia 62 ya waliotumiwa arafa walisema walizingatia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wagonjwa 431 wa kituo cha afya cha Chulaimbo, Kisumu. Kwa muda wa wiki 48, asilimia 53 ya waliokumbushwa kila wiki walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa arafa. Arafa za kila siku hazikuleta nafuu hiyo.

Hata hivyo, arafa haimpi mgonjwa nauli wala chakula, na haimfikii asiye na simu. Manufaa yake hutegemea kliniki kuwa na mhudumu wa kusoma majibu. Mgonjwa anayejibu "Shida" bila kupigiwa simu huachwa na shida yake, na huenda wiki inayofuata asijibu.