Kemshafti na Safari ya 1965

Mwaka 1965 mashindano ya motokaa ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant. Motokaa yao, Volvo PV544, haikuwa mpya. Ilikwisha kutumika mashindanoni.

Ndani ya injini mna chuma kiitwacho kemshafti. Kikizunguka, nundu zake husukuma tapeti, na valvu hufunguka. Tapeti za Volvo ile zilikuwa za chuma kitupu, hazikujirekebisha zenyewe. Fundi alipaswa kupima nafasi yake mara kwa mara. Nafasi ikizidi, injini hugonga. Ikikosekana, valvu haifungi vizuri, nayo huungua.

Nundu zinazoiacha valvu wazi muda mrefu huipa injini nguvu katika mbio, lakini huidhoofisha katika mwendo wa polepole. Basi, fikirini mlima, matope na magunia ya viazi. Mbio zitafaa nini hapo? Gari likikwama, viazi huoza na mkulima hukosa fedha.

Atakaye kemshafti na aulize kwanza: nitapita njia gani kila siku? Andikeni jibu lenu katika madaftari.