Mchezo wa ridhaa: nani aliridhia nini Kisiwa cha Man?

Najua nimeadimika, mambo ya assignment hayo. Leo naomba tuachane na Berlin Conference na Maji Maji, tuongelee historia nyingine kabisa, ya pikipiki. Siyo bodaboda. Naongelea pikipiki za mbio, zile ambazo mtu anainama mpaka goti linagusa lami kwenye kona. Na siwaongelei mabingwa wa dunia wanaolipwa mamilioni. Naongelea fundi bomba, mwalimu, muuza duka, mtu anayetoa hela yake mwenyewe ili akimbize pikipiki siku ya mapumziko, halafu Jumatatu anarudi kazini.

Mtu wa namna hiyo sisi tunamwita mchezaji wa ridhaa. Mmeshasikia ngumi za ridhaa, soka la ridhaa. Wazungu neno lao linatokana na kupenda: mtu anacheza kwa sababu anaupenda mchezo. Sisi tukachagua ridhaa, yaani kukubali kwa hiari. Kwangu neno letu lina akili zaidi, maana linaleta swali ambalo la kwao halileti. Kupenda ni jambo la mtu mmoja, lakini ukisema ridhaa lazima uulize: ameridhia nini? Na je, wengine wanaoguswa nao wameridhia?

Hapa duniani hakuna mahali palipolijibu swali hilo kwa gharama kubwa kama Kisiwa cha Man, kile kisiwa kidogo kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland. Twende taratibu.

Kwanini kule?

Kwa sababu ya sheria. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka mwendo wa mwisho barabarani kuwa maili 20 kwa saa, kama kilomita 32 hivi. Sasa mbio gani hizo za kilomita 32? Kisiwa cha Man lakini kina bunge lake, linaitwa Tynwald, na sheria zake. Mwaka 1904 Tynwald ikakubali barabara zifungwe kwa ajili ya mbio za magari. Wenye pikipiki nao wakafuata mlango huo huo.

Tarehe 28 Mei 1907 zikafanyika mbio za kwanza za Tourist Trophy, ambazo dunia inaziita TT. Walioanza walikuwa 25 tu. Charlie Collier, kwenye Matchless, alishinda kundi la injini za silinda moja kwa wastani wa maili 38 kwa saa, yaani kilomita 61. Rem Fowler akashinda kundi la silinda mbili kwenye Norton iliyofungwa injini ya Peugeot. Msicheke! Baadhi ya pikipiki zile zilikuwa na pedeli kama baiskeli, mlima ukikushinda unakanyaga. Barabara vumbi tupu, na mafuta mlipimiwa, ukiyamaliza njiani shauri yako.

Mwaka 1911 mbio zikahamishiwa njia ya mlimani, na hapo ndipo mambo yakawa mazito. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 60 na ushee kwa mzunguko mmoja, kona zaidi ya 200, inapita katikati ya vijiji, kwenye kuta za mawe, nguzo za umeme na milango ya nyumba za watu, halafu inapanda mpaka mita 400 na zaidi juu ya bahari. Mwaka huo huo, kwenye mazoezi, Victor Surridge akafa. Ndiye wa kwanza. Mpaka leo waendeshaji waliokufa kwenye njia ile, kwenye TT na mbio nyingine, ni zaidi ya 260.

Nani hasa ni wa ridhaa?

TT ilikua haraka ikawa ya makampuni. Ukishinda, kiwanda kinauza pikipiki. Sasa yule kijana wa mtaani mwenye pikipiki yake moja akapambane vipi na timu ya kiwanda? Mwaka 1923 Manx Motor Cycle Club wakaanzisha mbio za pembeni, kwenye njia ile ile ya mlimani, kwa ajili ya watu wa ridhaa peke yao. Zilikimbiwa Septemba.

Hapo kichwa kikaanza kuuma. Mtu wa ridhaa ni nani? Asiyelipwa, sawa. Je, aliyepewa tairi bure? Anayefanya kazi kwenye duka la pikipiki? Ambaye fundi wa kiwanda kamsaidia kidogo usiku kufungua injini? Kampuni ikichapisha tangazo la ushindi wake, bado ni wa ridhaa? Kila mwaka ubishi. Mwisho wake ulikuwa wa kiutu uzima: mwaka 1930 wakalegeza masharti na kubadilisha jina. Neno la ridhaa likaondolewa, mbio zikaitwa Manx Grand Prix, jina ambalo zinalo mpaka leo.

Ukinisikiliza mimi, walikuwa wanapima kitu kisichopimika. Walidhani ridhaa ni suala la hela tu, nani kapokea na nani hajapokea. Kumbe kipimo kikubwa zaidi kilishajitokeza barabarani miaka mitatu nyuma yake.

Gari la samaki

Ni Juni 1927. Siku za mbio zenyewe barabara zilifungwa, lakini wakati wa mazoezi zilikuwa wazi. Yaani huku jamaa wanajaribu mashine kwa mwendo wote, huku wananchi wanaendelea na shughuli zao. Archie Birkin anakuja mbio karibu na kijiji cha Kirk Michael, mbele yake anakutana na gari la samaki. Akalikwepa, akaanguka, akafa.

Hebu mfikirie dereva wa lile gari. Kaamka alfajiri kupeleka samaki. Hajajiandikisha kwenye mbio zozote, hajavaa kofia ngumu, hajasaini karatasi. Birkin aliridhia hatari. Yule wa samaki aliridhia nini? Hakuna. Na angeweza kufa yeye.

Kuanzia mwaka 1928 barabara zikawa zinafungwa hata wakati wa mazoezi. Ile kona ikapewa jina la Birkin. Mimi naona hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote kwenye historia nzima ya mchezo huu, kubwa kuliko rekodi yoyote ya mwendo: siku walipokubali kwamba ridhaa ya mwendeshaji haimfungi mpita njia.

Mwaka 1962: mmoja akatae, mmoja akataliwe

Turuke mpaka mwaka 1962, maana mwaka huo una visa viwili vinavyotazamana.

Cha kwanza ni cha Beryl Swain, mwanamke wa kwanza kushindana TT akiendesha pikipiki peke yake. Alipanda Itom ya sisi 50, akamaliza wa 22. Hakuanguka, hakumgonga mtu. Zawadi yake? Akanyang'anywa leseni ya kimataifa. Mwanaume mzima akisema naridhia kufa, anaitwa shujaa. Mwanamke akisema maneno yale yale, wanamwambia hujui unachosema. Dada zangu wa Gender Studies mtakuwa mnatikisa vichwa hapo.

Cha pili ni cha Gary Hocking. Huyu alizaliwa Wales lakini alikulia Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, kwenye familia ya walowezi. Mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa madaraja mawili, sisi 350 na 500, akiendesha MV Agusta. Kwenye TT ya 1962 rafiki yake Tom Phillis, Mwaustralia, alianguka akafa kwenye mbio za Junior. Hocking akakimbia mbio za Senior wiki ile ile, akashinda, kisha akaachana kabisa na pikipiki. Bingwa wa dunia, miaka 24, mshahara upo, akasema basi. Akahamia magari akiamini kuna usalama zaidi. Desemba mwaka huo huo akafa kwenye mazoezi ya mbio za magari Durban.

Sisemi kwamba angebaki kwenye pikipiki angepona. Ninachosema ni kwamba ridhaa ya kweli lazima iwe na mlango wa kutokea. Hocking aliupata mlango, hata kama nje hakukuwa salama.

Wanaolipwa wakaondoka, wasiolipwa wakabaki

Wakati ule TT ilikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Ukitaka pointi, lazima uende Man, upende usipende. Hiyo ni ridhaa ya aina gani? Juni 1972 Mtaliano Gilberto Parlotti, aliyekuwa anaongoza pointi za daraja la sisi 125, akafa kwenye mvua. Rafiki yake Giacomo Agostini alishinda Senior siku hiyo hiyo, ushindi wake wa 10 kisiwani, na hakukimbia tena pale maisha yake yote. Wakubwa wengine wakagoma pia. Baada ya mwaka 1976 TT ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, na mwaka 1977 mbio za Uingereza zikapelekwa uwanja wa Silverstone.

Wengi walidhani kisiwa kimekwisha. Wapi! Walioondoka ni wale ambao walikuwa na mwajiri na pointi. Wa ridhaa wakaendelea kupakia pikipiki kwenye vigari vyao, wanapanda meli kwa hela yao, wanatumia likizo yao ya mwaka. Mwaka 1978 Manx Grand Prix ikaongeza mbio za wageni, yaani wanaokuja mara ya kwanza. Mwaka 1983 mbio hizo zilishindwa na Robert Dunlop wa Ireland ya Kaskazini, na nyuma yake Steve Hislop, ambaye mwaka 1989 alikuwa wa kwanza kuzunguka njia ile kwa wastani wa zaidi ya maili 120 kwa saa.

Jina la Dunlop lishikeni. Joey, kaka yake Robert, alishinda TT mara 26, akafa kwenye mbio Estonia mwaka 2000. Robert akafa kwenye mazoezi ya North West 200, kwao, Mei 2008. Siku mbili baadaye mwanae Michael akashuka kwenye njia ile ile ya North West, akashinda. William, ndugu yake Michael, akafa kwenye mbio za Skerries, Ireland, mwaka 2018. Na mwaka 2024 Michael akaivuka rekodi ya baba yake mkubwa. Nimejaribu kumfikiria mama wa nyumba ile nimeshindwa. Yeye ridhaa yake iliombwa lini?

Siku ya uwanja

Si kila mwenye pikipiki ya mbio anaenda Man. Walio wengi wana njia nyingine, na mimi naiona kama jibu la historia yote hii. Viwanja vya mbio kama Brands Hatch na Donington Park vinakodishwa kwa siku moja, halafu mtu yeyote mwenye pikipiki na suti ya ngozi analipa kiingilio na kuingia. Hakuna mshindi wala kombe. Asubuhi mnakusanywa mnapewa maelezo: bendera nyekundu maana yake nini, ya njano nini, utaingilia wapi na kutokea wapi. Mnagawanywa makundi, wanaoanza peke yao, wa kati peke yao, wenye mbio peke yao, kila kundi dakika 15 au 20 kwa zamu. Taa na vioo vinabandikwa utepe, mlio wa ekzosi unapimwa. Na kabla ya yote unasaini karatasi kwamba unajua ni hatari na umekubali.

Watu wanaanguka huko pia, na wapo wanaokufa. Lakini angalieni tofauti. Ukikosa kona unateleza kwenye mchanga na nyasi, siyo kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Wote wanaelekea upande mmoja. Ambulensi ipo pale pale. Ukijisikia umechoka unapaki, hakuna anayekudai pointi. Na gari la samaki halipiti.

Kwahiyo wadau, hoja yangu ni hii. Kwa miaka zaidi ya 100 watu wa mchezo huu wamebishana mtu wa ridhaa ni nani, wakiangalia mfukoni mwake. Mimi nasema ridhaa ina nguzo tatu: unajua unachokiendea, unaweza kukataa bila kuadhibiwa, na hatari yako humbebeshi asiyehusika. Birkin alikuwa na ya kwanza, ya tatu hakuwa nayo. Mabingwa wa 1972 walikosa ya pili. Swain alikuwa nazo zote tatu, wakamnyima mchezo.

Na nawaambia hivi kwa sababu vijana wetu nao wanakimbiza pikipiki, ila sisi barabara hatufungi. Jamaa anainua tairi la mbele barabara kuu saa kumi na mbili jioni, daladala zimejaa, wanafunzi wanavuka, watu wanapiga makofi wanasema dogo ana roho ngumu. Sawa, roho ni yake, aridhie anavyotaka. Lakini pembeni ya barabara ile kuna mama anatoka ferry na ndoo ya samaki kichwani. Huyo nani alimuuliza?

Haya, ngoja nikimbilie maktaba kabla viti havijaisha, Jumatatu tuna test. Wikiendi njema, na mkipanda bodaboda vaeni kofia ngumu jamani.