Kiswahili cha Waliorejea: Kigali baada ya Julai 1994

RPF ilipoitwaa Kigali Julai 1994, mji uliokuwa umehamwa ulianza kupokea familia zilizokimbia nchi tangu 1959, pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini. Kwa watoto hao neno "kurejea" halikuwa sahihi. Walikuwa wakifika kwa mara ya kwanza. Lugha iliwatambulisha kabla ya jina. Waliotoka Uganda waliitwa Abasajya, neno lenye asili ya Kiganda. Waliotoka Zaire, Abadubayi. Kinyarwanda kilipowakwama sokoni, waliokulia Karagwe, Bujumbura au Goma walikimbilia Kiswahili, lugha ambayo Kigali ya awali iliihusisha na Waislamu na wachuuzi wa Biryogo na, tusifiche, iliidharau.

Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mapema, 1996, kwa kuwa kilirejea pamoja na walioshika dola. Kiswahili kilingoja hadi Februari 2017, Bunge lilipopitisha sheria yake. Wengi hueleza hatua hiyo kwa kuitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo 2007. Sikatai. Ila miaka kumi na mitatu kabla ya kujiunga huko, waliorejea walikwisha kupatana bei za vitunguu kwa Kiswahili pale Nyamirambo.