Mafundi wa Tovuti na Ikhtilafu ya Zana Zao

Katika kila kazi hufika siku mafundi wakagawanyika madhehebu mawili, hawa wakishikilia zana inayowapunguzia taabu, na wale wakishikilia zana inayowaachia mamlaka juu ya kazi yenyewe. Na katika ufundi wa kutunga tovuti, ambao umri wake haujatimia nusu karne, mgawanyiko huo ulianza mapema na ukadumu kuliko ilivyotazamiwa. Upande mmoja walisimama waliotumia programu za kupanga ukurasa kwa kipanya, wakiuona mbele ya macho yao kama utakavyoonekana na msomaji. Upande wa pili walisimama walioandika matini ya ukurasa herufi kwa herufi, wakitegemea vihariri, seva na lugha za programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Aghalabu mjadala wao husimuliwa kana kwamba ulikuwa baina ya wavivu na wenye bidii. Lakini mwenye kuifuata historia yake kwa insafu ataona kwamba jambo lililogombaniwa lilikuwa zito kuliko hilo, nalo ni haki ya fundi kuona ndani ya kazi yake.

Hapo asili hapakuwa na pande mbili. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa fizikia ya CERN, karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake la utando wa kurasa mwaka 1989, na mwishoni mwa mwaka 1990 akakamilisha programu ya kwanza ya kuusomea, katika kompyuta ya NeXT. Na programu ile ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja, hata mwenye nayo aliweza kurekebisha ukurasa wake na kuufungia kiungo kipya papo hapo, bila ya kuandika kwa mkono alama za HTML zinazoupanga ukurasa. Walakini kompyuta za NeXT zilikuwa chache na ghali, na vivinjari vilivyotungwa baadaye kwa ajili ya kompyuta za kawaida vilirithi nusu tu ya kazi ile, yaani kusoma. Mosaic, kivinjari kilichotungwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, kilipotolewa mwaka 1993 kiliufikisha utando kwa umma kwa kuonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Lakini aliyetaka kutunga ukurasa wake alilazimika kwenda kutafuta kihariri cha maandishi matupu, na kujifunza alama.

Hata hivyo mlango wa elimu haukufungwa. Mwaka huohuo wa 1993, tarehe 30 Aprili, CERN ilitangaza kuiachia dunia programu za utando bila ya malipo, na vivinjari vya zama zile vilikuwa na amri ndogo ya kuonyesha matini asilia ya ukurasa wowote uliofunguliwa. Amri hiyo ilikuwa madrasa isiyo na ada wala mwalimu: kijana aliyependezwa na ukurasa wa mwenziwe aliufunua, akasoma jinsi ulivyopangwa, akanakili, akageuza neno hapa na rangi pale, akatazama matokeo. Kizazi kizima cha watunga tovuti kililelewa hivyo, na ndiyo maana wengi wao waliona ni dhuluma pale matini ilipoanza kufichwa au kuvurugwa.

Fikra ya kwamba mtu aone katika skrini kile atakachokipata katika karatasi ilitangulia utando wenyewe, kwani katika maabara za Xerox PARC huko California, mwaka 1974, Butler Lampson na Charles Simonyi na wenzao walitunga kihariri cha Bravo kilichofanya hivyo. Ilipofika mwaka 1995 fikra hiyo ilihamia katika tovuti. Kampuni changa ya Vermeer Technologies, katika jimbo la Massachusetts, ilitoa FrontPage, na Januari ya mwaka 1996 Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa takriban dola milioni 130. Adobe nayo ilikuwa na PageMill. Na Desemba ya mwaka 1997 Macromedia ikatoa Dreamweaver, iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote. Wala haifai kuzibeza zana hizi. Kwa sababu yake mwalimu wa shule, mwenye duka na katibu wa chama, watu wasiokuwa na nafasi ya kusomea HTML, waliweza kujifungulia tovuti zao. Na mbunifu aliyezoea kupanga majarida aliingia katika utando akiwa na jicho lake lote la sanaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hastahiki kuchapisha mpaka ajue alama ni kumnyima haki, na wenye kutetea zana za macho walikuwa na hoja katika jambo hilo.

Lakini na tufunue matini ya ukurasa uliotungwa kwa FrontPage katika zama zile. Juu kabisa, kichwani mwa ukurasa, programu imejitia saini, jina lake na nambari ya toleo. Chini yake sentensi moja imekatwakatwa vipande, kila kipande kimevikwa alama ya aina ya herufi, ukubwa na rangi, na hakijamalizika kinafuata kingine kilichovikwa alama zilezile upya. Mpango wa ukurasa ni jedwali, ndani ya jedwali mna jedwali jingine, na katika seli zake imetiwa picha ya nukta moja isiyo na rangi, iliyonyooshwa ili isukume maneno mahali pake. Hila hiyo ya nukta haikuanzia kwa mashine. Ilienezwa na mbunifu David Siegel kwa kitabu chake cha mwaka 1996, naye mwaka uliofuata akaandika makala akikiri kwamba ameuharibu utando. Tena sehemu kadhaa za FrontPage, kama vile kihesabio cha wageni na fomu za kupeleka maoni, zilihitaji nyongeza maalumu katika seva. Tovuti ikihamishiwa kwa mwenye seva asiyekuwa na nyongeza hizo, sehemu zile zilikufa, na mwenye tovuti asijue sababu, maana hakuwahi kuiona kazi yake kwa ndani. Dreamweaver ilijaribu kuliponya donda hili kwa kuahidi kutoigusa matini iliyoandikwa kwa mkono, na kwa ahadi hiyo ikawavuta hata mafundi waliokuwa na shaka. Ila bei yake ilihesabika kwa mamia ya dola, na msimbo wake ulikuwa siri ya kampuni.

Upande wa pili nao ulikuwa na nasaba yake. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akishikilia kwamba mtumiaji wa programu ana haki ya kuisoma, kuibadili na kuigawa. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, akatoa Linux mwaka 1991. Na mwaka 1995 peke yake ulileta seva ya Apache, lugha ya PHP iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na hifadhidata ya MySQL. Kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa imezipita seva nyingine zote kwa wingi wa tovuti zilizoitumia, ilhali watunzi wake walikuwa kundi la watu walioanza kwa kubadilishana viraka vya seva ya zamani ya Chuo Kikuu cha Illinois. Almuradi mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu na diski ya Linux alipata karakana kamili, seva, lugha, hifadhidata na kihariri, bila ya kulipa leseni. Na kilichomshinda aliweza kukifungua na kukisoma.

Miongoni mwa vihariri huria kimoja kina uhusiano na nchi zetu ambao wengi wanaokitumia kila siku hawaujui. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 akaenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, katika wilaya ya Rakai inayopakana na Tanzania, mahali ambapo ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mayatima, akafanya kazi ya maji na usafi. Tangu hapo Vim ikawa ni programu ambayo hailipiwi, ila mwenye kuridhika nayo huombwa awakumbuke watoto wale. Ukiifungua bila ya kutaja faili, skrini huwa tupu, safu ya alama za kijiwimbi ikishuka upande wa kushoto, na katikati mistari michache, jina na toleo na jina la mtunzi, na chini yake aghalabu ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Hakuna kitufe, hakuna picha, na anayeingia mara ya kwanza huenda asijue hata namna ya kutoka. Moolenaar alifariki mwaka 2023, na kihariri chake kinaendelezwa na wengine, kwa kuwa hakukifungia.

Ugumu huo wa Vim, hata hivyo, ndio uliokuwa aibu ya dhehebu la programu huria. Baadhi ya mabingwa wake waliugeuza ugumu kuwa fahari, wakamjibu mgeni kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, wakasahau kwamba mwasisi wa utando hakukusudia kumwinamisha mtu. Majaribio ya kutunga zana huria ya macho yalikuwepo, kama vile Amaya ya mwaka 1996 na Nvu ya mwaka 2005, lakini hayakupata nguvu ya kushindana na Dreamweaver.

Kilichoamua mambo kilitoka kwingine. Mwaka 2000 kampuni ya Sun iliufungua msimbo wa NetBeans, mazingira ya kuandikia programu yaliyoanzia kwa wanafunzi wa Prague, na Novemba 2001 IBM ikaiachia jumuiya huria Eclipse, mazingira mengine ya namna hiyo. Ikabainika kwamba programu huria yaweza kuwa na madirisha, menyu na msaada wa kila namna, na matini ikabaki mbele ya macho. Mwaka 2006 Joe Hewitt akatoa Firebug, iliyomwezesha fundi kunyoosha kidole penye sehemu yoyote ya ukurasa katika kivinjari na kuiona matini yake ikifunuka pembeni. Macho na msimbo vikakutana tena. Mwaka huohuo Microsoft iliitangua FrontPage. Na mwaka 2015 kampuni hiyohiyo, ambayo mkuu wake wa wakati ule, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001, ikatoa kihariri cha Visual Studio Code na kuuweka msimbo wake wazi. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Erich Gamma, mmoja wa waliokuwa wakuu wa Eclipse. WordPress nayo, programu huria iliyozaliwa mwaka 2003 na ambayo leo hubeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, Desemba 2018 ikaleta kihariri cha kupanga ukurasa kwa vitalu vinavyoonekana, na ugomvi wa zamani ukazuka upya, safari hii ndani ya nyumba ya programu huria yenyewe. Waliokikataa kipya walipewa njia ya kubaki na cha zamani, jambo ambalo mteja wa FrontPage iliyotanguliwa hakulipata.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuufuatilia mjadala huu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden waliitoa OpenOffice katika Kiswahili, wala hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni, kwa sababu leseni ya programu ile iliwapa haki hiyo kama ilivyompa kila mtu. Programu iliyofungwa husema lugha atakayo mmiliki wake, na siku atakayo. Iliyo wazi husema lugha ya yeyote aliye tayari kuifanyia kazi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Zana za macho zilikuwa na haki ya kuwepo, na zimerudi zikiwa na heshima. Zilizoangamia ni zile zilizomficha fundi kazi yake na kumfunga kwa mmiliki mmoja. Basi kijana unayeingia katika ufundi huu leo, tumia zana ikupendezayo, ya kipanya au ya herufi, lakini kwanza uliza maswali mawili: je, naweza kuisoma matini inayonitungia, na je, mwenye zana akiondoka kesho, kazi yangu itabaki mikononi mwangu? Zana isiyoyajibu yote mawili kwa ndiyo, usiikabidhi riziki yako.