Kucha Zenye Vishimo

Hapo kale katika nchi za Ulaya watu wenye magamba ya ngozi walidhaniwa kuwa wakoma, wakatengwa. Baadhi yao hawakuwa na ukoma, bali soriasisi. Mwaka 1841 tabibu Ferdinand Hebra, wa mji wa Vienna, alibainisha kwamba maradhi haya ni mbali na ukoma. Mwaka 1873 Armauer Hansen, wa Norwei, akaviona vijidudu vya ukoma.

Soriasisi haiambukizi; kinga ya mwili yenyewe huishambulia ngozi. Kucha nazo hupatwa: hufanya vishimo kama vya ncha ya sindano, huwa nene na manjano, pengine huinuka nyamani. Basi mwenye kucha hizo na aende kwa tabibu. Nawe usimnyime mkono wa salamu.